Pipa moja, miili miwili: kisa cha mke na mume wanywaji mkoani Tabora

Mke na mume hawa walikunywa pombe ile ile, iliyopikwa kwenye pipa lile lile, uani kwao pembezoni mwa mji wa Tabora. Mume ana miaka 52 na alianza kunywa ujanani, akifanya vibarua kwenye mashamba ya tumbaku ya Urambo. Mke ana miaka 39. Kwa maelezo yake mwenyewe, pombe ya kila siku ilimwanza baada ya kujifungua mtoto wa mwisho, ambaye sasa yuko darasa la tatu. Kwa hesabu ya miaka, aliyetakiwa kuharibikiwa kwanza ni mume. Aliyefikishwa kituoni kwa bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na wifi yake ili asidondoke, tumbo limejaa maji na macho yamekuwa ya njano, ni mke.

Ndugu walikuja na maelezo yao tayari, na yalikuwa maelezo ya kabila. Mume ni Mha, kwao Kasulu, mkoani Kigoma. Mke ni Mnyamwezi wa hapa hapa. Wifi mtu, dada wa mume, alituambia kabla mgonjwa hajafika hata kitandani: "Dokta, sisi Waha pombe tumezaliwa nayo, imo kwenye damu. Wifi yangu kwao wamezoea wanzuki, pombe ya asali. Gongo imemzidi nguvu." Jioni akafika mjomba wa mke, naye akaligeuza: Waha ndio waliomfundisha mpwa wake kunywa vikali, Mnyamwezi wa asili hanywi hivyo. Maneno ya namna hii nayasikia kila msimu wa malipo ya tumbaku, na yanachelewesha watu. Familia ikishaamini kwamba damu ya kabila fulani inaimudu pombe, mtu wa kabila hilo hapimwi, na wa kabila jingine anahesabiwa kuwa dhaifu tangu kuzaliwa.

Ili asitambulike mtu, kisa hiki nimekiunda kwa kuchanganya mambo ya familia zaidi ya moja, na umri na mazingira nimeyabadilisha. Mwendo wa ugonjwa ni ule ule tunaouona.

Historia ya unywaji

Mke ndiye mpishi. Anapika kangara kwa pumba za mahindi, sukari na hamira, na sehemu ya kangara hiyo anaichemsha upya kupata gongo. Fedha ya sare za shule, mafuta ya taa na michango ya mtaa inatoka humo. Mpishi hauzi asichokionja. Gongo inayotangulia kutoka kwenye mrija ni kali kuliko inayofuata, ndiyo inayojaribiwa kwa kiberiti ili wateja waone inawaka, na ndiyo inayoonjwa.

Tulipomuuliza anakunywa kiasi gani, alijibu haraka: "Mimi sinywi, naonja tu." Nesi wetu, mama mtu mzima aliyekulia Tabora, hakubishana naye. Alichukua kikombe kidogo cha plastiki cha kupimia dawa ya maji, akamwomba amwonyeshe kwa maji ya kunywa kuonja kwake kunafika wapi. Mgonjwa akajaza hadi ukingoni, akamimina, akajaza tena. Ni mara ngapi kwa siku ya kupika? Akaanza kukunja vidole: gongo inapoanza kutona, inapofika katikati, inapokaribia kuisha, mteja wa kwanza anapokuja. Na alfajiri? Alfajiri kuna ya kuzimua, kwa sababu asipoipata mikono inatetemeka na hawezi kushika kuni. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza ratiba ya kazi. Ukijumlisha vikombe vile, vilikaribiana sana na toti za gongo hiyo hiyo alizokuwa akinywa mumewe kilabuni kila jioni, ila za mumewe mtaa mzima ulizijua.

Tunatumia maswali 10 ya AUDIT, ya kupima unywaji wa pombe, yaliyotungwa na Shirika la Afya Duniani. Maswali haya yameshafasiriwa na kupimwa kwa Kiswahili huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, ambako pia wametengeneza mazungumzo mafupi ya ushauri yanayoitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Shida yake kwetu ni kwamba yanahesabu "kinywaji kimoja" chenye takriban gramu 10 za kilevi halisi, wakati kata ya kangara haina kipimo na gongo ya leo si kali sawa na ya juzi. Ndiyo maana kile kikombe cha dawa kilitusaidia kuliko karatasi. Wote wawili walivuka alama 20, kiwango ambacho mwongozo unataka mtu achunguzwe kwa utegemezi. Mwongozo huo huo unaruhusu kwa wanawake kuanza kushuku mapema kidogo, kwenye alama 7 badala ya 8. Nakubaliana nao kabisa, na sababu zake zinaonekana katika kisa hiki.

Kuna jambo moja kwenye makaratasi yao lililonisumbua kuliko matokeo ya maabara. Wote wawili walikuwa wametibiwa miaka iliyotangulia kwenye kituo kimoja cha afya, na kadi walikuja nazo. Kadi ya mume, hudhurio la kwanza tu, ina neno "mlevi" limepigiwa mstari. Alikuwa amekwenda na kikohozi. Akapewa dawa ya kikohozi na kuambiwa apunguze sigara na pombe, na makohozi hayakupimwa. Kadi ya mke ina mahudhurio mengi: taifodi, vidonda vya tumbo, taifodi tena, uchovu, hedhi kukatika. Amepewa antibiotiki, dawa za vidonda na diklofenaki ya maumivu. Hakuna mahali popote, katika hudhurio lolote, alipoulizwa kama anakunywa. Mume aliulizwa pombe, na wakaishia hapo hapo. Mke hakuulizwa, wakazunguka miaka. Wote wawili walicheleweshwa, kila mmoja kwa njia yake, na kilichoamua njia hizo ni kwamba mmoja ni mwanamume na mwingine ni mwanamke.

Tulichokikuta mwilini

Mke: macho ya njano ukiyatazama dirishani kwenye mwanga wa jua, tumbo lenye maji, miguu iliyovimba hadi kwenye magoti ambayo ukiibonyeza kidole kinaacha shimo, misuli ya mabega imekwisha. Hedhi ilikuwa imekatika zaidi ya mwaka. Alikuwa akisahau siku na kuyumba anapotembea, na wifi yake alidhani ni udhaifu wa njaa.

Hapa niseme jambo kuhusu ngozi, kwa sababu linagusa moja kwa moja tofauti za asili za watu. Vitabu vingi tulivyosomea vinafundisha kumtambua mgonjwa wa ini kwa vishipa vyekundu vyenye umbo la buibui kifuani na kwa viganja vyekundu. Alama hizo zilielezwa kwa ngozi nyeupe, na kwenye ngozi nyeusi zinajificha. Vidole vya mkononi kujikunja na kukataa kunyooka, ambako vitabu hivyo hukuhusisha na pombe, ni tatizo la watu wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini zaidi kuliko letu. Kijana aliyetoka chuoni akizitafuta alama hizo kwa mgonjwa wa Tabora ataandika "hakuna dalili za ini" wakati ini limekwisha. Tazama weupe wa jicho, tazama chini ya ulimi, gonga tumbo mgonjwa akiwa amelala chali kisha ubavu, uliza nguo gani hazimtoshi siku hizi na zipi zinampwaya.

Mume: presha iko juu, nyayo zina ganzi kiasi kwamba alikuwa na kidonda cha kijiti ambacho hakukijua, kikohozi cha muda mrefu, jasho usiku, uzito umeshuka. Matiti yamevimba kidogo, jambo alilolificha kwa kuvaa shati juu ya shati. Pombe inapoharibu ini la mwanamume, uwiano wa homoni zake unavurugika na matiti yanaweza kuota, na wanaume wengi hawalisemi hilo mpaka washikwe mkono. Ini lake lilikuwa limevimba, lakini tumbo halikuwa na maji.

Vipimo vilileta mawili. Makohozi ya mume yalionyesha kifua kikuu. Damu ya mke ilionyesha homa ya ini B, ya mume haikuonyesha. VVU wote hawana. Ultrasound katika hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete, ilikuta ini la mke limesinyaa na kuwa na vinundu, yaani makovu yamekwisha kuchukua nafasi.

Kwa nini mke kwanza

Tuanze na maji. Mwili wa mwanamume mzima ni maji kwa takriban asilimia 60, wa mwanamke takriban 50, kwa sababu mwanamke ana mafuta zaidi na pombe huenea kwenye maji, haiingii kwenye mafuta. Msweden Erik Widmark aliweka hesabu hii kwenye kanuni karne iliyopita, akitumia 0.68 kwa mwanamume na 0.55 kwa mwanamke. Kabla ya kujaa maji, mke alikuwa na kilo 47, tuliziona kwenye kadi ya kliniki. Mume alikuwa na kilo 62. Wakinywa toti sawa, kwa kanuni hiyo, damu ya mke inabeba pombe zaidi ya mara moja na nusu ya damu ya mume. Na walikuwa wakinywa toti zinazokaribiana.

Pili, ini la mwanamke huumia kwa kiasi kidogo zaidi na kwa miaka michache zaidi. Huko Copenhagen walifuatilia zaidi ya watu 13,000 kwa miaka 12 na kuchapisha matokeo mwaka 1996: kwa wanawake hatari ya ugonjwa wa ini ilianza kupanda kwenye vinywaji 7 hadi 13 kwa wiki, kwa wanaume kwenye 14 hadi 27. Hao ni watu wa Denmark, wanaokula na kutibiwa vingine, lakini mpangilio huo wa wanawake kutangulia umeonekana katika nchi nyingi. Mwanamke anaanza baadaye, anafika mapema.

Haina maana kwamba pombe inaua wanawake wengi kuliko wanaume. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019, pombe ilichangia vifo milioni 2.6 duniani, milioni 2 kati yake ni vya wanaume, kwa sababu wanaume wengi zaidi wanakunywa na wanakunywa zaidi. Wanakufa kwa ajali, kwa ngumi, kwa kifua kikuu, kwa moyo. Lakini ukiwaweka wanaokunywa sawa ubavu kwa ubavu, mwili wa mwanamke unalipa haraka zaidi. Watu huzichanganya hesabu hizi mbili, na matokeo yake mwanamke mnywaji hatafutwi kwa kuwa "wako wachache".

Halafu kuna sahani. Mume alikunywa jioni, kilabuni, na mishkaki pembeni. Chakula tumboni hupunguza kasi ya pombe kuingia kwenye damu, na nyama ile ilimpa protini. Mke alionja alfajiri tumbo likiwa tupu, akashinda na chai na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na usiku akala ugali uliobaki na mlenda baada ya watoto kushiba. Kwa ini linalojaribu kujitengeneza, tofauti hiyo ni kubwa, na haitokani na maumbile hata kidogo.

Kama homa ya ini B isingekuwepo ningeweza kuishia hapo na kusema ni jinsia. Haiwezekani. Virusi hivyo peke yake vinaweza kulitia ini makovu, na vikikutana na pombe vinakwenda kasi zaidi. Wengi wetu tuliozaliwa kabla ya mwaka 2002, chanjo ya homa ya ini B ilipoingizwa kwenye chanjo za watoto nchini, hatukuipata utotoni. Mke huyu huenda aliipata kwa mama yake wakati wa kuzaliwa au utotoni kwa watoto wenzake, muda mrefu kabla ya toti ya kwanza. Ini lake lilibeba mizigo mitatu kwa wakati mmoja: virusi, pombe na njaa. Siwezi kukupa asilimia ya kila mmoja, na daktari anayekupa mtilie shaka.

Habari ya damu ya kabila

Sikumdharau wifi aliposema pombe iko kwenye damu, kwa sababu kuna mahali duniani ambapo kauli hiyo ni kweli. Karibu theluthi moja ya watu wa Asia ya Mashariki, wakiwemo Wajapani, Wachina na Wakorea, wamerithi kimeng'enya dhaifu kinachoshindwa kuondoa asetaldehaidi, ile sumu inayozaliwa pombe inapovunjwa mwilini. Wakinywa, uso unakuwa mwekundu, moyo unakwenda mbio, kichefuchefu kinawashika. Wengi wao wanaacha, na wanaong'ang'ania wanapata saratani ya koo la chakula kwa wingi zaidi. Kwa watu wenye asili ya Afrika kuna aina nyingine ya kimeng'enya, kinachovunja pombe kwa haraka, na imehusishwa na kupungua kwa utegemezi. Mwaka 2008 watafiti wa Dallas, Marekani, walitambua badiliko la jeni linaloongeza mafuta kwenye ini. Kati ya nakala za jeni hiyo, walilikuta kwenye asilimia 49 kwa wenye asili ya Amerika ya Kilatini, 23 kwa weupe wenye asili ya Ulaya na 17 kwa Wamarekani weusi. Nchini Marekani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini hupata ugonjwa wa ini wa pombe wakiwa na umri mdogo kuliko wengine, na jeni hiyo ni sehemu ya sababu.

Lakini soma ramani hiyo vizuri. Ni tofauti za mabara, za watu waliotenganishwa na bahari kwa maelfu ya miaka. Kasulu na Tabora zimekuwa zikichanganya watu tangu misafara ya Ujiji kwenda Bagamoyo, na reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 ikaongeza. Watoto wa nyumba hii wenyewe ni Waha na ni Wanyamwezi. Na hata huko Marekani jeni haimalizi hadithi. Wamarekani weusi wasiokunywa kabisa ni wengi kwa uwiano kuliko weupe, ila wanaokunywa hupata matatizo zaidi, hata pale unywaji wenyewe ni mdogo. Wanaochunguza jambo hilo wanarudi kwenye umaskini, ubaguzi na matibabu yanayochelewa. Watu wa asili wa Marekani ndio wenye vifo vingi zaidi vya pombe kwa uwiano nchini humo, na hao walinyang'anywa ardhi zao kabla hawajaitwa walevi.

Afrika tuna somo letu wenyewe, na kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote. Mwaka 1929 huko Afrika Kusini, Strachan alieleza ini na viungo vya Waafrika vilivyojaa madini ya chuma kupita kiasi, na kwa muda mrefu ugonjwa huo ulibandikwa jina la Wabantu, kana kwamba ni wetu kwa kuzaliwa. Baadaye ikaonekana chuma kingi kilitoka kwenye pombe ya kienyeji iliyochachuliwa katika mapipa ya chuma: pombe ni chachu, inakula pipa, na mnywaji anakunywa pipa kidogo kidogo. Urithi nao ulikuja kushukiwa kuchangia, lakini bila pombe ya pipa ugonjwa haukuonekana kwa kiwango kile. Tazama tena jinsia ilivyoingia: wanaume waliathirika zaidi, maana mwanamke anayepata hedhi hupoteza chuma kila mwezi. Kwa hiyo humo humo kwenye pombe mnaweza kukuta madhara mawili, moja linalomwahi mwanamke na moja linalomwahi mwanamume.

Ndiyo maana tulikwenda kuona pipa. Ni la chuma, lina kutu ndani, na kangara hukaa humo siku kadhaa kabla ya kuchemshwa. Tuliona pia gunia la mahindi yenye ukungu limetengwa kando. Mke alieleza bila kuona aibu: mazuri ni ya ugali, mabovu ni ya pombe, na kila mpishi anafanya hivyo. Ukungu ule unaweza kuwa na sumukuvu. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu Dodoma na Manyara. Sumu hiyo haipandi na mvuke, kwa hiyo kwenye gongo haifiki kama inavyofika kwenye kangara, inayonywewa na mashapo yake. Ikikutana na homa ya ini B, hatari ya saratani ya ini inapanda sana. Aliyeonja kangara kila siku ni mpishi.

Ukimuuliza mtu kabila lake, basi, umepata mwanzo tu wa maswali. Mume kuwa Mha kulinieleza mambo ya maana: alitoka kwao kijana kutafuta kibarua, akalala kambini na wenzake wengi chumba kimoja, akalipwa mara moja kwa msimu na fedha ikaishia kilabuni, akaugua mbali na mama zake. Pombe ya kupindukia huongeza hatari ya kifua kikuu karibu mara tatu, na kambi za namna ile ni mahali pazuri pa kuambukizana. Mnyamwezi yeyote aliyepita kambi hizo angeugua vile vile.

Matibabu, na mabishano yake

Wifi alitaka jambo moja: "Mtundikieni drip ya nguvu, dokta, jioni nirudi naye." Drip ya nguvu ni ya sukari, na kwa mgonjwa huyu ingeweza kuwa hatari. Mnywaji wa muda mrefu huishiwa vitamini B1. Sukari ikiingia kwa wingi kabla ya vitamini hiyo, ubongo unaweza kuumia moja kwa moja, na dalili za awali tayari alikuwa nazo: kusahau na kuyumba. Alichomwa B1 kwanza. Kuyumba kulipungua baada ya siku chache, kusahau kulichukua muda zaidi.

La pili ni kuacha pombe. Mjomba alisema wamfungie ndani kwao, aache kwa nguvu. Mwenye utegemezi akikatiwa ghafla huanza kutetemeka ndani ya saa 6 hadi 24, degedege inaweza kumpata ndani ya siku mbili za mwanzo, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kuona visivyokuwepo na kufa. Tulimlaza, akapewa dawa ya kutuliza kwa dozi ndogo kwa sababu ini bovu huchelewa kuiondoa, na wifi yake akakaa naye. Usiku wa tatu alimwita mama yake, marehemu, akimwomba afunge mlango. Wifi alimshika mikono hadi kukapambazuka, na toka hapo habari ya damu ya Waha sikuisikia tena kinywani mwake.

Dawa ya kupunguza maji, chumvi kidogo, dawa ya homa ya ini B ya kunywa kila siku. Diklofenaki ikapigwa marufuku. Na chakula: ndugu walikuwa wameambiwa mahali fulani kwamba mgonjwa wa ini asile protini. Ushauri huo wa zamani unawamaliza wagonjwa ambao misuli imekwisha tayari. Tulimwagizia mayai, dagaa wasio na chumvi nyingi, maharage, na kitu cha kula usiku kabla ya kulala.

Mume alianza dawa za kifua kikuu. Baadhi yake ni nzito kwa ini, na akichanganya na gongo tunaweza kumpoteza kwa kumtibu, kwa hiyo anapimwa ini mara kwa mara. Hajaacha kabisa. Amepunguza, anasema, na vipimo vyake havimkanushi. Sina haja ya kumpamba kuliko hapo.

Gumu zaidi lilikuwa pipa. Kumwambia mpishi wa pombe aache pombe huku riziki yake iko ndani ya pombe ni kumtuma akalale na njaa jikoni. Alijaribu maandazi, mtaji ukaliwa na ada. Kikundi chao cha VICOBA kilimkopesha akaanza kuuza karanga za kukaanga, alizochagua mwenyewe punje kwa punje baada ya kueleweshwa kuhusu ukungu. Alirudi kuonja mara moja, wakati wa msiba, akaja kusema mwenyewe kabla hatujauliza. Maji tumboni yamepungua. Makovu ya ini ya kiwango hicho kwa kawaida hayafutiki yote, ila kwa anayeacha yanaweza kukaa kimya miaka.

Pipa lilihamia kwa wifi. Watoto bado wanasoma, na mtu alilazimika kupika. Wifi ana miaka 44, ni Mha kwa baba na mama, na alikuwa akimsaidia mke kupika tangu alipohamia Tabora. Tulipompima pamoja na ndugu wengine kwa ajili ya homa ya ini B, hakuwa nayo. Lakini vimeng'enya vya ini kwenye damu vilikuwa juu, ishara kwamba ini linaumia, na ukingo wa ini ulishikika chini ya mbavu. Hana virusi, ni wa kabila lililosemwa linaimudu gongo, amekunywa kwa miaka michache kuliko kaka yake, na kazi yake ilikuwa kuonja. Alitoa kisingizio cha malaria, kisha akanyamaza, kisha akaomba kile kikombe cha dawa. Kipimo chake cha siku kilikuwa kikubwa kuliko alivyotarajia mwenyewe.

Aliomba jambo moja tu: kadi yake isiandikwe kama ya kaka yake. Tumeandika idadi ya vikombe kwa siku ya kupika, saa ya kikombe cha kwanza, matokeo ya ini na tarehe ya kurudi. Watoto watatu wa nyumba hiyo wamepimwa homa ya ini B. Mkubwa, aliyezaliwa nyumbani na ambaye kadi yake ya chanjo haijulikani ilipo, hana virusi wala kinga, na ameanza dozi ya kwanza pamoja na baba yake na shangazi. Ya pili ni baada ya mwezi mmoja, ya tatu ni miezi sita baada ya ile ya kwanza, na shangazi ndiye aliyekabidhiwa kadi zote tatu.